Kona Inayobaki Rafuni

Jambo la kwanza nililoliona kwa Obdulia Lojo ni kwamba hakugeuka nyuma. Aliingia katika duka la mikate la baba wakati tanuri limefunguliwa na harufu ya unga wa mahindi na vitunguu imefika hadi barabarani. Akapokea sinia lake, akaliweka juu ya meza ya mawe, akatoa kisu mfukoni mwa aproni na kukata kona moja ya empanada, mkate wetu bapa unaojazwa kitoweo ndani. Kona ilikuwa bado inafuka, naye aliishika kwa vidole vitupu bila kupuliza, akaiweka kwenye rafu ya mbao iliyo kando ya mlango wa tanuri. Kisha akafunika sinia kwa kitambaa, akajitwika, akatoka. Wanawake wengine wote, wakishaweka kona zao, hugeuka. Hutaka kuona nani kaichukua na amekunja uso wa namna gani. Obdulia alikwenda zake kana kwamba nyuma yake hapakuwa na rafu, wala tanuri, wala watu.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Abeleda mwezi Septemba, baada ya kuhitimu chuo huko Santiago. Shule zote nilizoziandikia kuomba kazi zilikuwa kimya, basi nilivaa aproni ya marehemu mama nikasimama nyuma ya kaunta, nikiwa na hamu kubwa ya kuwa na manufaa kwa mtu yeyote. Siku hiyo, tulipokuwa tunafunga, nikaona kona ya Obdulia bado iko rafuni peke yake, mafuta yake yamelowesha ubao.

"Baba, kuna mtu kasahau kona."

"Hajasahau mtu," akasema baba.

Aliichukua, akaila amesimama, uso kaupa ukuta. Alitafuna polepole hadi chembe ya mwisho.

"Nzuri?" nikamuuliza.

"Nzuri kuliko zote za leo. Hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Kwetu mvua za vuli zikianza, nyumba hupata unyevu hadi chumvi ikatoa maji chomboni, na kila Jumamosi wanawake huleta empanada zao kwenye tanuri letu la kuni. Kila mmoja huweka juu yake alama ya kipande cha unga ili masinia yasichanganyike. Delmira Outón huweka msalaba. Obdulia huweka samaki asiye na mkia. Binti yake Sabela ndiye aliyemtengeneza samaki wa kwanza, akiwa mtoto; unga ukamwishia kabla hajafika mkiani, na tangu hapo mama yake hakumwongezea.

Desturi ni kwamba masinia mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu tanurini ni majirani, na wenyewe hubadilishana kona. Hakuna anayejua ilianzaje. Baba husema masinia yaliyobanana huchomana ubavu, kwa hiyo ni haki kila mtu aonje alichomfanyia mwenzake. Kwa miaka mingi Obdulia na Delmira walikuwa majirani wa tanuri. Delmira ndiye aliyempakata Sabela kanisani siku ya ubatizo.

Siku hizo ndani ya empanada kulikuwa na kombe, wale wanyama wa magamba mawili wanaojizika mchangani. Waliwachimba wenyewe kwa reki kwenye fungu la mchanga la Arnela, maji ya bahari yakitoka na kuliacha wazi: kombe wadogo, wanene, wenye mistari, waliotiwa ndani pamoja na magamba yao, ili mtu akila asikie vigamba vikigongana kwenye sahani. Sasa ndani kuna samaki wa chumvi na zabibu kavu, au kome wa kufugwa, au vitunguu vitupu. Fungu la Arnela limefungwa. Nilikuwa chuoni lilipokufa, na habari zake niliambiwa na baba kwa vipande vipande, kila kipande wakati anakanda unga, maana akikanda hatazamani na mtu.

Obdulia alikuwa mkuu wa wanawake wachimbaji. Fungu lilikuwa limeanza kupungua, naye akaenda kusikiliza mikutano ya mbali, akarudi na wazo moja: waagize kombe wachanga kutoka ghuba nyingine, wawapande Arnela kama mtu anavyopandikiza miche. Delmira alikataa. Alisema fungu lina watu wake na halijui wageni. Obdulia alizungumza ukumbini mpaka sauti ikamkauka, akashinda, mikono ikanyooshwa. Majira ya kuchipua wakaenda wote wamepanga mstari, magunia mabegani, Sabela mbele, Delmira nyuma akinung'unika huku gunia lake likiwa zito kuliko la mtu yeyote.

Vuli iliyofuata kombe wakajitokeza wenyewe juu ya mchanga. Kombe mzima hujificha. Anayejitokeza ana lake. Walilala wamefunua midomo, wachanga na wakubwa, fungu zima likawa jeupe, na uvundo wao ukamfikia padri madhabahuni. Wataalamu walisema ni maradhi ya kidudu kisichoonekana kwa macho. Kimetoka wapi? Pengine kwa wale wachanga, pengine kwa maji, pengine chini ya mashua iliyopita. Abeleda haikuhitaji neno pengine.

"Mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya wote," baba aliniambia, ngumi zake ndani ya unga. "Lakini ulimi ulikuwa mmoja."

Wasichana wakaondoka. Sabela alikwenda Uswisi kutandika vitanda vya hoteli. Jumamosi ya wiki ile ile Delmira alikuja dukani, akamkuta baba ameweka msalaba wake kando ya yule samaki kama siku zote, akaingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri na kulivuta sinia lake upande wa pili. Aliungua. Kovu analo hadi leo, na hulionyesha kwa watu kama askari anayeonyesha nishani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeichukua kona ya Obdulia, na hakuna aliyemwekea yake. Naye hakuacha kukata. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Angeweza kuoka nyumbani, ana jiko la gesi. Kwa nini alete sinia, akate kona, aiweke mahali ambapo kila mtu ataona haitakiwi?

Nikaamua kufanya jambo. Jumamosi moja alipokwisha kuiweka, nikatoka nyuma ya kaunta, nikaichukua mbele ya wote nikaiuma.

"Mama Obdulia," nikamwita, "nimeichukua mimi."

Alisimama mlangoni. Hakugeuka.

"Wewe huna sinia tanurini, Icía, mwanangu," akasema. "Kona haiokotwi kwa huruma. Kula, utashiba, lakini haijachukuliwa."

Wanawake wakainama kwenye vikapu vyao. Nilisikia joto la aibu hadi masikioni, na kile kipande kikawa kama pamba mdomoni.

Siku chache baadaye nilimfuata huko Arnela kumwomba radhi. Kila maji yakitoka huenda peke yake, buti za mpira hadi mapajani, akikokota reki. Nilimkuta anazoa majani ya bahari kutoka juu ya mchanga na kuyarundika pembeni.

"Unatafuta nini, Mama Obdulia?"

"Sitafuti. Nafagia. Majani yakilala juu, mchanga unakosa pumzi."

"Na chini yake kuna nini?"

"Hakuna kitu." Akaendelea kufagia. "Wewe huko chuoni walikufundisha kuuliza, hawakukufundisha kushika reki? Ipo nyingine pale."

Nikaishika. Baada ya muda mfupi mgongo wangu ulikuwa unaomba talaka, naye aliyenizidi umri mara mbili alikuwa hajapandisha hata pumzi. Kila reki ilileta magamba yaliyofunuka, meupe, yaliyosuguliwa na mchanga hadi yakawa membamba. Aliokota moja akalitazama.

"Kombe mzima humfungui bila kisu. Hawa walifunguka wenyewe. Walichoka kushikilia."

"Lakini Uxío anasema huenda maradhi yaliletwa na kitu kingine." Uxío ni mtaalamu kijana wa ushirika wa wachimbaji, anayepima maji na kombe wa ghuba yetu.

"Uxío ana moyo mzuri. Wapo watu wakikuona unazama hukuambia maji si ya baridi." Alilitupa lile gamba. "Nilikuja hapa na magunia, Icía. Nilikuwa nacheka. Delmira alikuwa nyuma yangu anasema, shoga, tunaweka wageni kwenye nyumba ya marehemu mama zetu. Nami nikamjibu, wewe ungeachiwa dunia tungekuwa bado tunakula mizizi. Wote wakamcheka. Nililiona jino lake moja lililovunjika, kwa jinsi alivyojilazimisha naye kucheka."

Nilivuta reki yangu mara mbili tatu. Nilitaka sana kumpa neno la kumfaa.

"Sabela hupiga simu?"

"Kila Jumapili. Huniuliza nimeoka nini. Namwambia. Kisha tunakaa kimya tunasikilizana tunavyopumua, hadi mmoja wetu aseme chaji inaisha." Akavuta reki. "Huniuliza pia kona yangu imechukuliwa na nani. Namwambia Delmira. Usinitazame hivyo. Delmira ni mama yake wa ubatizo. Nimemwondolea mtoto kazi na bahari, nimwondolee na huyo?"

Hapo nikafahamu. Alikuwa anaikata kila Jumamosi ili Jumapili moja asiwe amesema uongo.

Mwishoni mwa Oktoba Uxío aliingia dukani kununua mkate, koti likimchuruzika, akatoa habari huku akihesabu chenji, kana kwamba ni habari za hali ya hewa. Kando ya mkondo wa maji, kwenye pembe ya chini kabisa ya Arnela, alikuwa ameona kombe wachanga waliokuja wenyewe, wadogo kama punje ya dengu. Hawakupandwa na mtu. Alitaka kungoja maji makubwa baada ya Siku ya Marehemu mwanzoni mwa Novemba, yanapotoka mbali hata pembe ile ikakauka, achukue wachache akawapime. Wakiwa hai na hawana maradhi, fungu lingeweza kulindwa na siku moja kufunguliwa.

Obdulia alikuwepo, anangoja sinia. Nilimwona akishika ukingo wa meza ya mawe. Alipokata kona yake siku ile, kisu kilimponyoka, akakata upya.

Kisha ikaja mvua. Sisi si watu wa kushangazwa na mvua, lakini ile ilinyesha kama iliyotumwa. Mto ulishuka umebeba matawi na mlango wa banda la kuku la mtu. Bwawa la juu likafunguliwa. Ghuba ikageuka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na ukionja maji yake ufukweni hayakuwa na chumvi. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Kombe akikutana na maji matamu hufunga mdomo na kungoja. Akingoja sana, hufa njaa nyumbani kwake.

Jumamosi ile duka lilijaa na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka kwenye mvua. Baba, ambaye hajawahi kukata tamaa na mambo haya, aliusukuma msalaba wa Delmira kando ya samaki asiye na mkia.

"Evencio," Delmira akasema, "toa sinia langu hapo."

"Hakuna nafasi kwingine. Tanuri si uwanja wa mpira."

"Basi nitaila mbichi."

Wakacheka. Delmira ni mwanamke mpana, mwenye hereni za dhahabu hata akiwa na buti za matope, na akitaka watu wacheke hucheka.

"Mwache, Evencio," Obdulia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akiingilia maneno ya wenzake mle ndani. "Litoe langu. Nitangoja zamu ya pili."

"Kungoja umezoea," Delmira akamjibu, bila kumtazama. "Kila siku Arnela na reki yako. Unangoja nini, wafufuke?"

"Uxío kasema wapo wadogo."

"Walikuwapo. Mto umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi jionee. Wenzio tuna waume waliokufa, wewe umekuwa mjane wa mchanga."

Hapo hakucheka mtu. Kuni zililia ndani ya tanuri. Obdulia alikuwa amekunja kitambaa chake cha sinia mara mbili, mara nne, hadi kikawa kidogo kiganjani.

"Jumatatu maji yanatoka hadi mkondoni," akasema. "Utakuja?"

"Nije nifanye nini? Lile fungu nimeshalizika. Mimi siziki mtu mara mbili."

"Uje uone tu, Delmira."

Delmira alijipangusa pua kwa ncha ya shali. Nadhani alikuwa anatafuta la kuwachekesha watu akalikosa.

"Haya. Akitoka mmoja," akasema, "mmoja tu, mzima, kafunga mdomo wake, nitaila kona yako palepale mchangani, hata ukiijaza mchanga. Na asipotoka?"

Obdulia alifikiri. Alikuwa kama mtu anayechagua mahali pa kuweka kitu kizito.

"Asipotoka, sitaleta tena sinia hapa."

Baba aliliegemeza koleo lake refu ukutani na kutoka nje, kwenye mvua, akasimama huko.

Jumatatu si siku ya masinia, lakini baba aliwasha tanuri. Obdulia alikuja kumepambazuka. Unga wake ulikuwa wa mahindi tupu, wenye ngano kidogo ya kuushikanisha, na ndani mlikuwa na vitunguu alivyovikaanga hadi vikawa kama asali, pilipili hoho na zafarani. Nilimuuliza kwa nini hakuweka hata kome.

"Pana nafasi ya kombe," akasema. "Sijaijaza na kitu kingine."

Ilipotoka, samaki alikuwa amepasuka kidogo shingoni. Akakata kona, akaizungushia kitambaa, kisha shali ya sufu, akaiweka kikapuni. Baba alifunga duka. Tuliteremka watatu hadi Arnela.

Niliogopa kwamba tutakuwa peke yetu. Wanawake walikuwepo, wamesimama ukingoni katika makoti ya mvua, wengi kuliko nilivyofikiri, mikono makwapani. Hakuna mwanamke aliyekuja na reki isipokuwa Obdulia. Delmira alikuwa kando, kwenye jiwe, mikono kifuani.

Saa ya maji kutoka ilifika na maji hayakutoka kama yanavyotakiwa. Mto ulikuwa unayasukuma kutoka nyuma, mazito, ya rangi ya matope. Uxío, aliyekuwa ametutangulia na reki yake, alianza kwenye mchanga uliokwisha kufunuka. Akazamisha reki, akavuta, akaichezesha majini. Magamba meupe, yamefunuka. Akaenda mbele kidogo. Matope, mizizi, magamba yamefunuka. Mara ya tatu alipata kombe mdogo aliyefunga, na mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Uxío akambonyeza kidogo kwa kidole gumba, naye akajitenga vipande viwili, ndani matope. Uxío alimtia katika mfuko wake bila kuinua uso.

"Bado pale kwenye mkondo," akasema. "Walikuwa pale. Nangoja maji yafike chini ya goti."

Mwanamke mmoja akaondoka. Kisha wawili. Sikuwalaumu, kuna kutazama kunakoumiza kuliko kutojua. Nilimwangalia Obdulia. Alisimama mbele yetu sote, kikapu mkononi, mgongo wake kwetu, na nilifikiria Sabela akipiga simu Jumapili ijayo kutoka chumba cha hoteli, akiuliza mama ameoka nini.

Delmira alishuka kutoka kwenye jiwe. Alikuja taratibu, buti zikifyonzwa na matope, akasimama hatua chache nyuma ya Obdulia. Wala hakusogea zaidi.

"Itapoa hiyo," akasema.

"Nimeifunga kwa sufu."

"Sufu ya yule kondoo wako mzee? Hiyo haikupi joto hata wewe."

"Inatosha."

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Delmira akanigeukia.

"Wewe binti Evencio, uliyesoma, macho yako ni mapya. Lile jiwe jeusi pale mkondoni. Maji yanashuka, au natamani tu?"

Nikalitazama lile jiwe. Nilitazama muda mrefu, kwa sababu sikutaka kusema jambo la huruma. Chini ya ukingo wa maji palikuwa pametokea mstari mwembamba uliolowa, na kisha mwingine chini yake.

"Yanashuka," nikasema.

Uxío akaupandisha mpini wa reki begani, akaingia mkondoni. Maji yalimpita goti, akasimama kuyangoja. Obdulia, bila kugeuka, alinyoosha kikapu nyuma, kwa upande wangu, akaniambia nitie mkono niangalie. Nikaupitisha chini ya sufu. Kona ilikuwa bado ya moto.